Mwaka Tuliopoza Chuma kwa Maji

Jeneza la Byamungu lilisafirishwa kutoka Mbarara hadi Juru kwa lori lile lile alilolikata na kulirefusha mwenyewe, na ni mimi tu niliyeona jambo la kufikiria hapo. Waombolezaji walikuwa na mengine: turubai, maana mawingu yalikuwa yameshuka, sufuria za kuazima, nani akae mbele na dereva, nani apande nyuma na wanakwaya kulizunguka jeneza. Mimi nilikuwa nimekuja na viatu vya mjini na simu iliyojaa ujumbe wa kazini. Watu walipoanza kupanda, niliinama karibu na gurudumu la nyuma kama mtu aliyeangusha kitu, nikaingiza kichwa chini ya bodi. Matope yalikuwa yameganda kila mahali. Niliyakwangua kwa vidole mpaka nikaona rangi ya buluu, na chini ya ile buluu, mahali nilipopajua, uvimbe wa mshono. Mama Sifa, mwenye lori, aliniita. Nikajifanya sikusikia.

Mwaka ule ninaoukumbuka nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uhandisi ambayo hakuna ofisi iliyoitaka. Nikitoa kitambulisho cha mkimbizi walitabasamu kwa upole, na upole ule ulinichosha kuliko ukali. Sikutaka kurudi Juru, kwenye makazi ya wakimbizi, kukaa nikisubiri. Nilipanga chumba Mbarara, nyuma ya karakana ya Byamungu, fundi wa kuchomelea vyuma aliyetoka Uvira kabla mimi sijazaliwa. Familia yake ilikuwa Juru, na huko alikuwa shemasi kanisani, au diakre kama walivyomwita. Wiki nzima alilala mjini kwenye kitanda cha vyuma alichokiunga mwenyewe. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja lililotazama rundo la vyuma chakavu, na ukuta mmoja uliokuwa pia wa karakana, kiasi kwamba mashine ilipowashwa balbu yangu ilififia na maneno ya wateja yaliingia kitandani mwangu. Byamungu alinipa kazi ya kusaga, kupaka rangi na kupokea wateja, kwa sharti kwamba nisibishane nao. Sharti hilo sikulitimiza hata siku moja. Nilikuwa siwezi kutulia. Nilikula nimesimama, nilisoma ukurasa nikauacha, nilitembea mpaka stendi ya magari bila safari nikarudi. Kila kitu nilikiulizia sababu. Kwa nini kanisa linapata spika kubwa kabla ya shule kupata madawati. Kwa nini wahadhiri wangu walifundisha chuma kwa picha za madaraja ya nchi ambazo hawakuwahi kufika. Kwa nini Byamungu anaomba kabla ya kuwasha mashine na haombi kabla ya kuvuka barabara, ambayo ina hatari zaidi.

“Weye binti,” alikuwa akisema mchana, tukila bugali na sombe, kisamvu kilichotiwa dagaa, kwenye ubao uliowekwa juu ya mapipa, “ata chakula unakiuliza swali. Kula tu. Ndagala haina jibu.” Kisha yeye mwenyewe angeanza kulalamika kwamba dagaa wale hawakuwa wa Tanganyika, kwamba samaki wa kweli unamjua kwa harufu ya mikono siku ya pili, na mlo ungeisha akiwa amebishana peke yake.

Katika karakana ile kulikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Kazi ikiisha, mteja hakuambiwa tu kwamba imeisha. Aliitwa, akaweka kiganja kitupu juu ya kiungo kilichochomelewa, akakifumbata, akasema, “Nimepokea.” Byamungu aliileta desturi hiyo kutoka kanisani, ambako kila kitu kipya, iwe baiskeli au cherehani, huwekewa mikono na kuombewa kabla hakijatumika. Wateja wa Mbarara waliipenda. Mugisha, ambaye alichukua maziwa ya wafugaji kutoka Bwizibwera kwa gari dogo la mizigo na kuyapeleka mjini, alikuwa hakubali fremu ya kushikilia makopo yake mpaka ameipapasa kama ng'ombe anayetaka kumnunua. “Lete niweke mkono,” alisema, akikunja shati. “Mimi kitu sijashika, mimi siwezi kulipa.”

Lakini chuma kilichotoka motoni hakishikiki, na mteja hapendi kungoja. Kwa hiyo pembeni mwa mashine daima kulikuwa na beseni la maji na kopo. Mshono ukimalizika, Byamungu alimwaga maji, mvuke ukapanda tsss, mteja akarudi nyuma akicheka, kisha akaweka kiganja. Nilipouliza kama ni vizuri kukipoza chuma hivyo, alinionyesha mtaa kwa mkono wenye glovu. Milango, madirisha, mageti, vitanda alivyovichomelea. “Byote nimesude mimi. Kuko fasi moja ilirudi? Onyesha.” Hakukuwa na fasi, yaani mahali, palipoachia na kurudi kwake. Chuma cha milango ni laini, kina kaboni kidogo, na ukikimwagia maji kinavumilia bila kinyongo. Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na haki ya kuendelea kuuliza, na hivyo ndivyo tulivyoishi.

Kisha likaja lori la Mama Sifa. Mama Sifa alinunua maharage na mahindi kwa wakulima wa Juru na kuyaleta Mbarara kwa lori kuukuu la Kijapani lililokuwa fupi kuliko tamaa yake. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alitaka lori lirefushwe. Chasi, yaani ile mihimili miwili ya chuma inayobeba lori zima kutoka mbele hadi nyuma, ikatwe katikati, na kipande kiungwe kila upande. Alikuwa ameshapata vipande, vimetoka kwenye chasi ya lori zito zaidi lililokufa kwenye barabara ya Kabale. “Ibe ndefu,” alimwambia Byamungu, “bamama bakae juu ya magunia bila kukanyagana.” Hao kina mama ndio walionikosesha raha. Wachuuzi wa Juru hupanda juu ya shehena yake siku za soko, na vikapu vyao, na watoto mgongoni, na lori hushuka mteremko likiwa limejaa hadi juu.

Mimi ndiye niliyevisaga vile vipande, na ndani ya muda mfupi nilijua kwamba hiki si chuma cha mlango. Jiwe la kusagia liliisha haraka. Cheche zake hazikuwa zile nilizozizoea. Kipande kidogo nilichokikata nilikibana kwenye jiliwa, kile chombo cha meza kinachobana vitu, nikakivuta kwa bomba. Kikapinda kidogo na kurudi mahali pake kwa dharau. Nilikuwa nimeandika tasnifu nzima juu ya vyuma vya aina hii bila kuwahi kugusa hata kimoja. Ni vyuma vyenye nguvu kubwa na vichanganyo vichache: kaboni kidogo, manganizi, na chembe za vanadi au niobi, chache kama chumvi ya sufuria moja iliyotiwa kwenye chakula cha harusi nzima. Nguvu yake haitoki kwenye chembe hizo peke yake. Inatoka pia kwenye namna kilivyosukumwa kati ya roli, yaani mapipa mazito ya kiwandani yanayokandamiza chuma, na kupozwa kwa kipimo. Fundi anapowasha moto wake juu ya chuma hicho, anaivuruga kazi yote ya kiwanda mahali pale. Mshono wenyewe huyeyuka na kuganda upya, sawa. Tatizo ni ukanda mwembamba kando ya mshono, uliopata joto bila kuyeyuka. Ukiupa joto jingi mno kwa muda mrefu, unalegea na kupoteza nguvu. Ukiupoza ghafla, unakuwa mgumu kama kioo, na ugumu wa kioo ni wa kuvunjika. Mhadhiri wangu mmoja alipenda kusema kwamba ukanda huo ni kama sisi wakimbizi, tuliochomwa bila kuyeyuka. Nilimchukia wiki nzima. Chuma ni chuma. Mtu akishakifanya mfano, anaacha kukitazama.

Nilimwambia Byamungu ninachotaka. Fimbo za kuchomelea, ambazo yeye aliziita bageti, zikaushwe, maana pakiti ilikuwa wazi karibu na beseni tangu mvua zianze. Chuma kipashwe moto kidogo kabla. Kikimalizika kifunikwe kwa majivu makavu kipoe polepole. Na kisiguswe, kisipakwe rangi, kisipakiwe chochote mpaka kesho yake, halafu tukichunguze.

“Kesho ni Siku ya Posho,” alisema, yaani Jumamosi. Ibada ya kulishukuru lori ilikuwa imeshatangazwa Juru. Mchungaji alikuwa ameshaalika kwaya mbili. Mama Sifa mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, amevua viatu, akila karanga.

“Minangoja nini?” aliuliza. “Lori yangu inaumwa homa, munataka kuifunika?”

“Mama, hiki chuma ni kigumu kuliko unavyodhani,” nikasema.

“Si muzuri kama ni kigumu? Minataka kigumu. Nilikuja kutafuta mulaini?”

Karakana yote ikacheka. Mugisha, aliyekuwa amekuja kwa jambo lake la makopo akakaa kwa ajili ya maneno, alipiga paja. Byamungu hakucheka. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, na alipendekeza jaribio. Tuchukue mabaki ya chasi ile ile, tuyaunge kwa bageti zile zile, tumwage maji, tuyabane kwenye jiliwa, na tuyapige nyundo mbele ya watu wote. Yakivunjika, anafuata kitabu changu. Yasipovunjika, nifunge mdomo hadi Krismasi.

Aliunga vizuri. Mshono wake ulikuwa umelala kama magamba ya samaki, kila gamba juu ya jingine, na hata mimi, niliyetaka ushindwe, niliona uzuri wake. Maji, mvuke. Kipande kikabanwa, nusu nje. Mugisha aliomba apige yeye kwa sababu hana upande. Alipiga. Kipande kilipinda. Alipiga tena kikapinda zaidi, kikabaki kimeinama kama mtu anayesalimia mzee, hakikuvunjika. Nikasema tungoje hadi kesho kisha tukitazame. Wakacheka mpaka Mama Sifa akamwaga karanga.

“Chuma si mutu,” Byamungu aliniambia kwa upole. “Hakilale, kisha kiamuke na mawazo mengine.”

“Nyabo,” Mugisha akasema, akiniita bibi kwa lugha ya kwao, “hii chuma imekataa kukusikiliza.”

Jioni ile lori lilikuwa limeungwa, limemwagiwa maji na kupakwa rangi ya buluu ya kukauka haraka. Mama Sifa aliingia chini ya bodi kwa magoti, kitenge kimekunjwa, akaweka kiganja kwenye kiungo cha kushoto, kisha cha kulia. “Nimepokea, kwa jina la Yesu.” Likaondoka na kelele za honi. Kipande cha jaribio hakuna aliyekikumbuka. Kilibaki kwenye jiliwa, kimebanwa na kupinda.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa tunakunywa chai ya maziwa na mihogo ya kuchemsha. Byamungu hakuwasha mashine Jumamosi hiyo. Alikuwa anajiandaa kwenda Juru kwenye ibada, amevaa shati jeupe, na Mugisha, ambaye makopo yake yalikuwa bado hayajawekwa mipini, alikuwa ameketi nasi. Walizungumzia mbuzi wa jirani. Kisha likasikika neno moja dogo kutoka kwenye meza ya kazi, ting, kama kijiko kilichogusa glasi. Hakuna aliyekuwa pale. Byamungu aliacha kutafuna. Nadhani alijua kabla yangu. Alikwenda, akainama, akakaa hivyo muda mrefu kuliko kutazama kunavyohitaji, kisha akalegeza jiliwa na kuja na kile kipande mkononi. Mshono wake mzuri ulikuwa mzima, kila gamba mahali pake. Ufa ulipita kando yake, kwenye ule ukanda, umenyooka kama umechorwa kwa rula.

Jambo lenyewe nilikuwa nimelisoma. Unyevu wa bageti hutoa haidrojeni, nayo huingia kwenye chuma kikiwa kimeyeyuka. Chuma kikiganda, haidrojeni inaanza kusafiri taratibu kuelekea kwenye ukanda uliogeuka mgumu, na kama hapo chuma kinavutwa, inakisubiri. Ufa unaweza kuja saa nyingi baadaye, baada ya kazi kupakwa rangi na watu kwenda zao. Nilikuwa nimetaka haki iwe upande wangu kwa mwaka mzima. Nilipoipata ilikuwa na ladha ya muhogo uliopoa, na kitu pekee nilichokifikiria ni wale kina mama juu ya magunia. Simu ya Mama Sifa iliita bila kupokewa. Mugisha aliinuka, akamimina chai yake chini. “Tuende. Gari yangu iko.”

Tulibanana watatu mbele, harufu ya maziwa yaliyochacha ikitoka nyuma. Byamungu alikuwa na kipande kile mapajani, amekifunga kwa leso. Tulipoacha lami alianza kusema, akitazama mbele. Baada ya maombi, alisema, atamwita Mama Sifa pembeni. Lori litarudishwa Mbarara polepole, tupu. Hakuna haja ya kusema mbele ya kanisa.

“Na wakipanda kabla hujamwita?” nikauliza. “Magunia yameshapakiwa. Kwaya ikinyamaza tu, wanapanda.”

“Nitawahi.”

“Utawahi vipi? Wewe ndiye utakayekuwa umesimamishwa mbele unashukuriwa.”

Mugisha alikwepa shimo. Byamungu akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, “Espe, mi niko diakre pale. Kazi yote napata, napata ju bantu ya kanisa banasema, nenda kwa Byamungu. Bakisikia, nitakula nini?” Nikasema sijui. Ilikuwa kweli. Nikasema kwamba asiposema yeye, nitasema mimi. Hilo nalo lilikuwa kweli, naye akakaza fundo la leso.

Lori lilisimama mbele ya kanisa la mabati, limepambwa vitambaa, limejaa magunia ya maharage. Watu walikuwa wamelizunguka pande zote, mikono imewekwa kwenye bodi, kwenye taa, kwenye matairi. Waliokosa nafasi waliweka mikono kwenye mabega ya waliopata. Kina mama wa soko walikuwa tayari na vikapu vyao miguuni. Mchungaji alikuwa ameshika kipaza sauti, na alipomwona Byamungu alisimamisha maombi kwa furaha. “Huyu hapa mwenye mikono! Njoo, diakre, njoo mbele!” Vigelegele vikapigwa. Byamungu alikwenda na kipande chake kwenye leso. Mimi nilimfuata karibu sana, tayari. Alichukua kipaza sauti, akakohoa, spika ikapiga mluzi.

“Ndugu zangu,” akasema, “muondoe mikono yenu ku lori.”

Hawakuelewa. Wengine waliinua mikono juu, wakidhani ni sehemu ya ibada.

“Diakre,” mchungaji akamwambia chini chini, lakini spika ikasikia, “unakatisha baraka?”

“Apana, pasta. Minakatisha safari.”

Akafungua leso. Mama Sifa alitoka upande wa pili akiwa amevaa gauni jipya la kitenge, na uso wake ulikuwa umebadilika kabla hajafika. “Byamungu! Jana ni nani aliniambia, mama, weka mukono? Niliingia chini kama panya, nikaweka. Leo unasema niondoe? Ni huyu mutoto wa iniversite amekuambia?”

“Ni chuma chenyewe kimeniambia.”

“Ile ni kipande. Haiko lori yangu. Onyesha ku lori yangu.”

Alikuwa na haki kabisa. Ningekuwa mimi ningesema vivyo hivyo, na ndiyo maana tangu siku ile nimempenda. Tuliingia chini ya bodi, mimi na Byamungu, ubavu kwa ubavu kwenye vumbi, tukakwangua rangi ya buluu kando ya mishono. Niliomba mafuta ya taa, wakaleta ya taa ya kanisa. Nikapaka, nikangoja yaingie, nikafuta kwa kitambaa kikavu mpaka chuma kikawa hakina alama. Kisha nikaomba unga wa muhogo. Hapo watu walicheka, maana walikuwa wameona mengi kanisani lakini hawakuwahi kuona lori likipakwa unga. Niliwaeleza: kama kuna ufa, mafuta yamejificha ndani, unga utayavuta nje. Tulipaka unga mwembamba. Mchungaji, asijue la kufanya na kimya kile, alifanya ishara kwa kwaya, na kwaya ikaimba. Tukalala chini ya lori tukitazama chuma cheupe huku soprano zikipanda juu ya vichwa vyetu.

Kiungo cha kushoto kilibaki cheupe. Wimbo wa kwanza ukaisha. Mama Sifa aliinama na kuchungulia. “Nini? Hakuna kitu,” akasema, na watu walioko nyuma wakarudia, hakuna kitu, hakuna kitu, na mtu mmoja akapiga haleluya. Byamungu alinitazama. Sijui alikuwa anaomba nini wakati ule, na sikumwuliza kamwe. Tukasogea upande wa kulia. Unga ulikuwa mweupe. Halafu, kando ya mshono, si juu yake, ukatokea unyevunyevu mwembamba, ukazidi kuwa mweusi, ukanyooka kutoka ukingo wa chini kwenda juu.

Bibi mmoja, mchuuzi wa ndizi, alikuwa amelala kifudifudi ili aone. “Iko sawa na nywele,” akasema.

“Nywele moja tu?” mtu akauliza kutoka nyuma.

“Moja.”

Mama Sifa aliingia chini na gauni lake jipya. Alipitisha ukucha pale, polepole, akaupitisha tena. Kisha akatoka, akasimama, akajipangusa, akatazama magunia yake yaliyopangwa hadi juu, na vikapu vya kina mama, na wingu lililokuwa linakuja kutoka upande wa ziwa lililo karibu na Juru. “Mushushe maharage,” akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililowafanya wote waanze kushusha. Mvua iliwakuta nusu ya magunia yakiwa chini.

Lori lilirudi Mbarara tupu, polepole, Mugisha akilifuata nyuma kana kwamba angelidaka. Tulikata viungo vyote viwili, na kile kizima pia, kwa sababu Byamungu alikataa kukiamini. Bageti mpya tulizikausha kwenye oveni ya mwoka mikate wa Kirundi aliyekuwa jirani yetu, baada ya mikate kutoka. Alitutoza kwa kulalamika tu. Tulibishana juu ya joto: Byamungu, akishakubali kupasha, alitaka kupasha mpaka chuma kiwe chekundu, na mimi nikamwambia hapo kitalegea na tutakuwa tumetoka kosa moja na kuingia jingine. Tulikubaliana juu ya tone la maji linalochemka likigusa chuma tu. Tukaongeza mabamba ya kuimarisha kila upande, tukafunika kwa majivu. Mama Sifa alikuja siku iliyofuata kuweka mkono, Byamungu akamrudisha. Akaja tena, akamrudisha tena. “Munaficha bibi harusi?” akafoka barabarani. Siku tuliyomruhusu tulikuwa tumeshapaka unga na haukuonyesha kitu. Aliweka kiganja na hakusema maneno yale ya kupokea. Alisema, “Tutaona.”

Kwa muda kazi zilipungua, kama Byamungu alivyoogopa. Kisha zilirudi, tena baadhi ya wateja walikuja wakitaka kuungiwa kwa majivu hata vitanda, ambavyo havikuhitaji majivu yoyote, na yeye akawafunikia bila kuwaeleza. Beseni lilibaki pale pale. Tulilitumia kunawa kabla ya kula. Desturi ya kiganja haikufa, ila ilihamia siku ya pili. Mimi niliondoka mwaka ulipokwisha, nikapata kazi Kampala ya kukagua mapaa ya chuma, kazi ya kulipwa kwa kutoamini. Ninaifanya vizuri. Lakini kuna jambo ambalo halijawahi kuniacha nitulie. Ufa ule haukuwahi kuikata chasi. Tuliukata sisi. Huenda ungeongezeka siku ile kwenye mteremko, na kina mama wangemwagika barabarani pamoja na maharage. Huenda ungekaa vile vile kwa miaka, mwembamba, kimya, na lori likazeeka nao. Hakuna jaribio linaloweza kunijibu, kwa sababu jibu pekee lilikuwa ni kuwaacha wapande. Mama Sifa alijua hilo linanisumbua, na kila tulipokutana alilitumia. “Huyu,” angewaambia watu, “aliozesha maharage yangu juu ya nywele moja.” Byamungu angecheka hadi akohoe. Yeye jambo hilo halikumsumbua kamwe. Aliniambia mara moja, tukila, kwamba kuna maswali ambayo mtu anashukuru kukosa majibu yake. Nikamwambia hilo si jibu. Akanisogezea sahani ya dagaa.

“Espe!” Mama Sifa aliita tena siku ile ya mazishi. Kwaya ilikuwa imeshapanda. Jeneza lilikuwa katikati, limefunikwa kitambaa cheupe, na dereva alikuwa amewasha injini, nao mhimili ulikuwa unatetemeka chini ya mkono wangu. Nilikuwa bado nimeinama, napitisha ukucha kando ya mshono, si juu yake, kutoka chini kwenda juu, kama Mama Sifa alivyofanya mwaka ule na gauni lake jipya.

Alizunguka lori akaja kunisimamia. Alikuwa amekonda, anatembea kwa fimbo. “Unatafuta nini huko?”

“Ufa.”

“Umeuona?”

“Bado.”

Alinyoosha mkono, nikaushika, akanivuta juu kwa nguvu ambayo sikudhani amebaki nayo. “Basi panda,” akasema. “Anatungoja.”

Nikavua viatu vya mjini, nikapanda.